Maswali yenu: FICA hukatwa wapi kwenye akiba ya uzeeni?

Safu ya mwezi huu tumewaachia wasomaji wetu walioko Marekani, wenye biashara ndogo na wanaolipa mishahara. Barua zao karibu zote zinazunguka jambo moja: pesa inayokwenda kwenye akiba ya uzeeni, inakatwa kodi za mishahara, yaani FICA, au haikatwi? Majibu yanafuata sheria ya serikali kuu ya Marekani, na viwango ni vya mwaka 2026 isipokuwa pale tulipotaja mwaka mwingine.

Nina wafanyakazi wanane na tangu Januari tuna mpango wa akiba ya uzeeni wa 401(k). Mmoja wao analipwa dola 4,000 kwa mwezi, ameomba akatwe asilimia 5, nami namchangia asilimia 3 juu yake. Anasema akiba haitozwi kodi, kwa hiyo FICA ikatwe kwenye dola 3,800. Programu yangu ya mishahara inakata kwenye 4,000. Nani yuko sahihi?
*Mama mwenye kampuni ya usafi, Columbus, Ohio*

Programu yako iko sahihi, mama. Mfanyakazi wako amechanganya kodi mbili.

Kwenye mshahara wa Marekani kuna kodi ya mapato, ambayo hupanda na kushuka kufuatana na kipato na hali ya familia. Halafu kuna FICA, ambayo ni asilimia maalumu ya mshahara: 6.2 ya Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali, na 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Jumla ni asilimia 7.65 anayokatwa mfanyakazi, na mwajiri analipa 7.65 nyingine kutoka mfukoni mwake. Makato ya Social Security hukoma mshahara wa mwaka ukifika dola 184,500. Ya Medicare hayana kikomo.

Mfanyakazi akichagua sehemu ya mshahara iende kwenye 401(k) ya kawaida, sheria inamwahirishia kodi ya mapato peke yake. FICA iko palepale. Pesa hiyo ameshaitolea jasho, ni mshahara wake, na kuamua kuitunza hakuibadilishi kuwa kitu kingine. Mchango wako wewe mwajiri ni habari nyingine kabisa: unauweka juu ya mshahara, kwa masharti ya mpango ulioandikwa, na mfanyakazi hakupewa nafasi ya kuuchukua taslimu. Huo hautozwi FICA upande wowote, wala FUTA, ile kodi ya shirikisho ya bima ya ukosefu wa ajira.

Kwa mfanyakazi huyu, kodi ya mapato ya shirikisho inakokotolewa kwenye dola 3,800. FICA inakokotolewa kwenye 4,000, yaani anakatwa dola 306 na wewe unalipa 306. Mchango wako wa dola 120 unakwenda mzima kwenye akaunti yake. Ungempa hizo 120 kama nyongeza ya mshahara, wewe ungelipa FICA ya dola 9.18 na yeye angekatwa 9.18 kabla hata ya kodi ya mapato. Tuseme wote wanane wanalipwa sawa: upande wako pekee ungetoa dola 881.28 zaidi kwa mwaka. Ndiyo maana tunasema mwenye biashara anayetaka kumwongezea mtu wake aliyekaa naye muda mrefu aufikirie mchango kabla ya nyongeza ya mshahara.

Akichagua akiba ya Roth ndani ya 401(k), inayolipiwa kodi ya mapato sasa badala ya uzeeni, FICA ni ileile na kodi ya mapato nayo inakatwa kwenye 4,000 yote. Na kwa kuwa uko Columbus, kumbuka kodi ya jiji ya asilimia 2.5. Jimbo la Ohio huiachia akiba ya 401(k), lakini jiji haliiachii, linatoza mshahara kabla ya akiba. Mfanyakazi akiona kodi ya jiji haijapungua asidhani ameibiwa.

Mwambie pia jambo ambalo watu hulisahau: kwa kuwa FICA imekatwa kwenye 4,000, pensheni yake ya Social Security itapigiwa hesabu kwenye 4,000. Kuweka akiba hakumpunguzii haki hiyo hata senti.

Mfanyakazi amenirudishia taarifa yake ya mshahara, W-2, ya mwaka jana akisema namba zimekosewa. Kisanduku cha 1 kina pesa pungufu kuliko cha 3 na cha 5. Nimeangalia na kweli hazilingani. Nitoe W-2 mpya?
*Mwenye gereji, Jersey City, New Jersey*

Usitoe. Mahali penye akiba ya uzeeni hazitakiwi kulingana. Kisanduku cha 1 ni mshahara unaotozwa kodi ya mapato, cha 3 ni wa Social Security, na cha 5 ni wa Medicare. Aliyelipwa dola 48,000 na kuweka 2,400 kwenye 401(k) ya kawaida atakuwa na 45,600 kisanduku cha 1, na 48,000 kwenye cha 3 na cha 5. Kodi ya Social Security kwenye kisanduku cha 4 itakuwa 2,976, na ya Medicare kwenye cha 6 itakuwa 696. Kisanduku cha 12 kinabeba ile 2,400 pamoja na herufi: D kwa 401(k) ya kawaida, AA kwa Roth ya 401(k), S kwa SIMPLE IRA, mpango wa akiba ya uzeeni wa biashara ndogo. Kwenye kisanduku cha 13 panawekwa alama kwenye neno la mpango wa uzeeni. Mchango wako mwajiri hauonekani kwenye visanduku vya mishahara. Ukiuona umejumlishwa kwenye cha 1, cha 3 au cha 5, hapo ndipo pamekosewa.

Fomu 941, ripoti ya kodi za mishahara ya kila robo mwaka, inafuata mantiki hiyohiyo. Kwa mtu huyo, robo moja ni mshahara wa 12,000 na akiba ya 600. Mstari wa 2 unabeba 11,400, mistari ya 5a na 5c inabeba 12,000. Kabla ya kutuma W-2, jumlisha 941 zako nne na uzilinganishe na W-3, fomu ya jumla ya W-2 zako zote, kisanduku kwa kisanduku. Zisipolingana, barua itakujia, ama kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ama kutoka mamlaka ya Social Security.

Kwa kuwa uko New Jersey, tazama na kisanduku cha 16, cha mshahara wa jimbo. New Jersey huiacha akiba ya 401(k) bila kodi ya jimbo lakini hutoza ile ya SIMPLE IRA. Ng'ambo ya mto Delaware, Pennsylvania hutoza zote mbili. Programu ya mishahara isiyojua mfanyakazi anaishi jimbo gani itakosea hapo, nayo hukosea kimyakimya.

Tuna SIMPLE IRA. Mwezi huu wa Septemba nimegundua kwamba aliyetupangia programu ya mishahara aliweka makato ya akiba kwenye kundi la bima ya afya ya kifungu cha 125. Wafanyakazi watano, kila mmoja dola 250 kwa mwezi tangu Januari. Nifanyeje?
*Mwenye kampuni ya malori, Louisville, Kentucky*

Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi ya mengine yote, na chanzo chake ni rahisi kukielewa. Malipo ya bima ya afya yanayopitia mpango wa kifungu cha 125 hayatozwi kodi ya mapato wala FICA. Akiba ya SIMPLE haitozwi kodi ya mapato lakini FICA inatozwa. Kwenye kioo cha kompyuta yote mawili yameandikwa ni makato kabla ya kodi, mtu anabofya la kwanza analoliona, na tangu siku hiyo FICA inakatwa pungufu bila kengele yoyote kulia.

Michango yenyewe haina shida, iko salama kwenye akaunti za wafanyakazi. Kilichoharibika ni kodi. Januari hadi Agosti ni miezi minane: 5 × 250 × 8 ni dola 10,000 ambazo hazikukatwa FICA. Deni ni asilimia 15.3 kwa pande zote mbili, yaani dola 1,530. Nusu ni yako, nusu ya wafanyakazi.

Kwanza badilisha kundi la makato kwenye programu leo, kabla ya mshahara unaofuata, la sivyo unaongeza deni huku unalilipa. Pili, Julai na Agosti ziko ndani ya robo ambayo bado hujaitolea 941. Hizo zirekebishe humohumo, zitoke sawa kwenye fomu ya kawaida. Tatu, robo ya kwanza na ya pili zinahitaji Fomu 941-X, ya kurekebisha 941 iliyokwisha kutumwa, moja kwa kila robo, usiziunganishe. Kwa miezi hiyo sita kodi ni dola 1,147.50. Ukizituma na kulipa kabla ya siku ya mwisho ya 941 ya robo uliyogundua kosa, kwako ni tarehe 31 Oktoba, kwa kawaida hutozwi riba. Andika kwenye 941-X tarehe uliyogundua na sababu kwa maneno yako, wazi: makato ya SIMPLE IRA yaliwekwa kimakosa kama ya kifungu cha 125.

Sehemu ya wafanyakazi unaruhusiwa kuikata kwenye mishahara ijayo, ila angalia kwanza sheria ya jimbo kuhusu makato, na uzungumze nao. Kila mmoja anadaiwa dola 153 kwa miezi hiyo minane, na ukizigawa kwa mishahara sita hakuna atakayeumia. Ukiamua kuwalipia wewe, fahamu kwamba pesa hiyo nayo inakuwa mshahara wao na inatozwa. Kwa kuwa mwaka haujaisha, W-2 zitatoka sahihi moja kwa moja. Ungegundua baada ya W-2 kutoka, ungelazimika kutoa W-2c, yaani W-2 ya marekebisho, kwa kila mtu.

Kila mwenye biashara anaweza kujipima kwa dakika moja. Chukua karatasi ya mshahara ya mfanyakazi anayeweka akiba. Gawanya kodi ya Social Security kwa 0.062. Jibu liwe mshahara kabla ya akiba. Mtu wa dola 4,000 anayeweka 200 anapaswa kuonyesha 248.00. Ukiona 235.60, wamekata kwenye 3,800. Ikiwa ana bima ya kifungu cha 125, itoe hiyo kwanza kabla ya kulinganisha.

Kuna na kosa la upande wa pili, mchango wa mwajiri kukatwa FICA kama mshahara. Hapo unadai marejesho kwa 941-X ileile, na dirisha ni miaka mitatu kuanzia tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata mwaka wa malipo. Lazima umrudishie mfanyakazi sehemu yake au upate ridhaa yake kwa maandishi kabla ya kudai.

Nina lori langu mwenyewe, sijaajiri mtu, faida yangu baada ya gharama ni dola 80,000. Nikiweka asilimia 25, yaani 20,000, kwenye SEP IRA, akiba ya uzeeni inayochangiwa na mwenye biashara, kodi ya kujiajiri itashuka?
*Dereva, Dallas, Texas*

Haitashuka, kaka, na 20,000 imezidi kiwango.

Aliyejiajiri hana FICA ya kukatwa na bosi. Analipa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, pande zote mbili peke yake. Hesabu yake inafanyika kwenye faida kabla SEP haijaguswa: 80,000 × 0.9235 (sehemu ya faida inayotozwa) ni 73,880, mara 0.153 ni dola 11,303.64. Hata ukiweka akiba kubwa namna gani, namba hiyo haisogei. SEP inapunguza kodi yako ya mapato tu.

Sasa kiwango. Asilimia 25 ni ya mshahara wa mwajiriwa. Kwa mwenye biashara, kwa kuwa mchango wenyewe unapunguza msingi wa hesabu, kiwango kinakuwa asilimia 20, na kabla ya hapo unatoa nusu ya kodi ya kujiajiri. Nusu ni 5,651.82. Faida inabaki 74,348.18. Asilimia 20 yake ni dola 14,869.64. Huo ndio mwisho wako. Kilichozidi ukikiacha kwenye akaunti kinaweza kutozwa asilimia 6 kila mwaka. Kitoe pamoja na faida iliyozalishwa kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu zako.

Mchango wako uingie Schedule 1 ya fomu yako ya kodi ya mapato. Madereva wengi huuandika kwenye mstari wa 19 wa Schedule C, fomu ya faida na hasara ya biashara, na hapo faida inashuka, kodi ya kujiajiri inashuka, na IRS inairudisha juu ikiwa na riba. Mstari huo ni wa michango unayowawekea wafanyakazi. Siku ukiajiri dereva wa pili na kumchangia SEP, mchango wake huo utaingia pale kihalali, hautakatwa FICA, na kweli utapunguza kodi yako ya kujiajiri. Wako mwenyewe haupunguzi.

Kampuni yangu ya kuhudumia wazee majumbani ni ya mfumo wa S, yaani faida yake inatozwa kodi kwangu mimi mwenye kampuni. Najilipa mshahara wa dola 48,000 na kuchukua mgawo wa faida wa 40,000 ambao haukatwi FICA. SEP yangu naipigia hesabu kwenye 88,000?
*Muuguzi, Brooklyn Park, Minnesota*

Hapana dada, kwenye 48,000 tu. Mgawo wa faida haukukatwa FICA kwa sababu si mshahara, na kisichokuwa mshahara hakizai mchango wa uzeeni. SEP yako mwisho ni asilimia 25 ya 48,000, yaani dola 12,000. Inalipwa na kampuni, inaandikwa kwenye hesabu za kampuni, haiguswi na FICA. Ukiandika 22,000, dola 10,000 hazina msingi.

Hapa ndipo wengi wanajibana wenyewe. Wameambiwa washushe mshahara ili wakwepe FICA, wanaushusha, halafu uzeeni wanakuta akiba ndogo na pensheni ya Social Security ndogo. Ukipandisha mshahara kwa 10,000, FICA ya pande mbili inaongezeka kwa dola 1,530, na nafasi ya SEP inaongezeka kwa 2,500. Je, inalipa? Kwa mwenye miaka 50 na hana akiba, mara nyingi tunaona inalipa. Kwa mwenye miaka 30 mwenye madeni ya biashara, pengine asubiri. Na usisahau kwamba IRS inataka mshahara wa mwenye kampuni ulingane na kazi anayoifanya. Muuguzi anayesimamia wagonjwa na zamu zote za wafanyakazi hawezi kujilipa dola 15,000 na kusema ndiyo thamani yake.

Kumbuka, wafanyakazi wako waliotimiza masharti ya SEP lazima wapate asilimia ileile unayojipa wewe. Kwa mwenye wahudumu wengi, 401(k) au SIMPLE mara nyingi inabeba vizuri zaidi.

Kila mwezi naweka dola 100 kwenye IRA, akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni, ya kila mfanyakazi wangu kama zawadi. Hatuna mpango wowote ulioandikwa. Kwa kuwa ni mchango wa mwajiri, sikati FICA. Sawa?
*Mwenye mgahawa, Lowell, Massachusetts*

Si sawa. Mchango wa mwajiri unaachiwa FICA ukiwa ndani ya mpango unaotambuliwa na sheria. Bila mpango, hizo 100 ni mshahara uliolipwa kwa njia ya benki nyingine, na FICA na FUTA zinadaiwa tangu ulipoanza. Suluhisho si gumu: Fomu 5305-SEP ni ya kurasa chache, unaijaza, unaisaini, unawapa wafanyakazi nakala na kuitunza ofisini, huitumi IRS. Ila badala ya dola 100 sawa kwa wote itabidi utoe asilimia ileile ya mshahara kwa wote waliotimiza masharti. Sheria hairuhusu masharti makali zaidi ya haya: miaka 21, kufanya kazi kwako miaka 3 kati ya 5 iliyopita, na kulipwa angalau dola 750 kwa mwaka 2025.

Wasomaji wa California waliosajiliwa CalSavers, mpango wa akiba ya uzeeni wa jimbo hilo, wasichanganye na hili. Makato ya CalSavers ni pesa ya mfanyakazi iliyokwisha kutozwa kodi zote, FICA na ya mapato, na mwajiri haruhusiwi kuongeza chochote.

Miezi ya baridi biashara inalala. Pesa ikiwa kidogo nianze kulipa ipi, FICA au makato ya 401(k)?
*Mwenye duka la vyakula vya Kiafrika, Minneapolis, Minnesota*

Zote mbili hazingoji, kwa sababu pesa hizo si zako. FICA uliyomkata mfanyakazi ni amana ya serikali, na akiba uliyomkata ni mali ya mpango wake.

Anayeweka kodi kila mwezi anatakiwa aweke kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa njia ya kielektroniki. Ukichelewa siku 1 hadi 5, adhabu ni asilimia 2. Siku 6 hadi 15, asilimia 5. Zaidi ya hapo, asilimia 10. Kubwa kuliko hizo ni kwamba sehemu uliyowakata wafanyakazi isipofika, IRS inaweza kukudai wewe binafsi yote, asilimia 100, hata kama biashara ni kampuni yenye ukomo wa dhima. Anayesaini hundi naye anaweza kuandamwa, hata kama ni mke wa mwenye duka aliyekuwa akisaidia tu.

Akiba ya 401(k) ipelekwe mara inapowezekana kutenganishwa na pesa za duka. Kwa mpango wenye washiriki chini ya 100, Wizara ya Kazi inakuhesabu uko salama ukiipeleka ndani ya siku 7 za kazi. Ya SIMPLE IRA ina mwisho wa siku 30 baada ya mwezi uliokata. Ukipitisha, umejikopesha pesa za wafanyakazi: unazipeleka pamoja na faida waliyoikosa, na unajaza Fomu 5330 yenye kodi ya asilimia 15 ya faida hiyo.

Kinachoweza kusubiri ni mchango wako mwenyewe. Hati ya mpango wako isiposema vingine, una hadi siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi za biashara, pamoja na muda wa nyongeza ukiuomba. Huko ndiko uvute pumzi wakati wa theluji.

Wahudumu wangu wote nawapa 1099, fomu ya malipo ya mtu asiye mwajiriwa. Naweza kujiwekea SEP ya asilimia 10 bila kuwahusisha?
*Mwenye wakala wa wahudumu, Houston, Texas*

Kama kweli ni watu wa kujitegemea, ndiyo. Lakini kama wewe ndiye unayepanga zamu, unayewaambia kazi ifanyweje, na hawana wateja wengine, karatasi ya 1099 haiwageuzi. Wakihesabiwa waajiriwa, madeni yanakuja mawili kwa pamoja. Kwa aliyetoa 1099 na hakukusudia kudanganya, sheria ina viwango vya nafuu: FICA yote ya mwajiri, moja ya tano ya FICA ya mfanyakazi, na asilimia 1.5 badala ya kodi ya mapato. Jumla asilimia 10.68, ambayo kwa mhudumu wa dola 36,000 ni dola 3,844.80 kwa mwaka. Hapo hapo, kila aliyetimiza masharti ya SEP anadai asilimia 10 yake, dola 3,600 kwa kila mwaka ulioruka, na faida ambayo ingezaliwa. Deni hilo la SEP halitozwi FICA, ila ni pesa nzima. Wapange upya kabla hujafungua mpango, si baada.

Nachangia NSSF ya Kenya kwa hiari, natarajia kurudi Mombasa. Mchango huo unanipunguzia kodi ya kujiajiri hapa?
*Fundi wa mabomba, Seattle, Washington*

Hapana. NSSF si mpango wa uzeeni unaotambuliwa na sheria ya kodi ya Marekani, na hata mchango wako kwenye mpango unaotambuliwa, kama SEP, hauondoi kitu kwenye ile asilimia 15.3. Marekani ina mikataba ya kutambuana michango ya hifadhi ya jamii na nchi kadhaa, nyingi za Ulaya, lakini si na Kenya wala Tanzania. Miaka yako ya NSSF haiwezi kuunganishwa na ya Social Security. Ili upate pensheni ya Social Security unahitaji alama 40 za kazi (credits) za hapa, zisizozidi nne kwa mwaka, na mwaka 2026 alama moja inahitaji kipato cha dola 1,890, yaani 7,560 kwa nne. Kipato kinachohesabiwa ni kile kilicholipiwa FICA au kodi ya kujiajiri. Kabla hujakata tiketi, fungua akaunti yako kwenye tovuti ya Social Security uhesabu alama ulizonazo. Ukikuta 37 au 38, kazi ya miezi michache zaidi ndiyo inayobaki kati yako na pensheni hiyo.